Nyungu ya Mawe, Mshindi wa Ukimbu

Msafiri apandaye garimoshi Manyoni kwenda Tabora hupita stesheni ya Itigi, kisha huingia katika nchi ya vichaka na misitu. Kwa muda mrefu haoni ila miti. Vijiji ni vichache, na wakati wa kiangazi maji ni haba. Wasafiri wa zamani waliiita nchi hiyo Mgunda Mkali, maana yake shamba lenye ukali, kwa kuwa wapagazi wengi walikufa humo kwa kiu, kwa njaa, au kwa silaha za wanyang'anyi. Upande wa mashariki ilipakana na Ugogo, na upande wa magharibi ilifika Tura, mlango wa Unyamwezi. Kusini yake misitu huendelea mbali sana, hata kuingia katika sehemu ambazo leo ni za mikoa ya Tabora na Mbeya. Hiyo ndiyo Ukimbu, nchi ya Wakimbu.

Katika karne ya kumi na tisa alitokea mtu mmoja aliyeishinda nchi hiyo na kuiweka chini ya amri yake peke yake. Hakuwa Mkimbu, wala hakuitwa na Wakimbu. Alikuja na jeshi la watu waliokosa kwao, akakaa, akatawala, hata alipokufa nchi haikuwa tena kama alivyoikuta. Jina lake ni Nyungu ya Mawe. Habari zake zafaa kusomwa, kwa maana zaonyesha jinsi watu wanavyobadilika wakishindwa vitani, ni mambo gani mshindi aweza kuyaondoa upesi, na ni mambo gani humshinda hata yeye.

1. Wakimbu na watemi wao

Kabla ya Nyungu, Wakimbu hawakuwa na mfalme mmoja. Nchi yao ilikuwa imegawanyika katika tawala ndogo zaidi ya 30, na kila moja ilikuwa na mtemi wake. Watu walikuwa wachache na msitu ulikuwa mkubwa. Mtu aliyetoka kijiji kimoja kwenda kingine aliweza kutembea kutwa nzima asikutane na mwenziwe. Wenyeji walilima nafaka katika mashamba waliyoyafyeka msituni, na udongo ulipochoka walihama wakafyeka mahali pengine. Lakini sehemu kubwa ya riziki yao ilitoka katika msitu wenyewe. Wanaume waliwinda, nao walitundika mizinga juu ya miti, wakarina asali na kukusanya nta.

Mtemi wa Wakimbu hakuwa mtu wa majeshi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuitunza nchi mbele ya mizimu ya wazee. Ndiye aliyeomba mvua, ndiye aliyetoa sadaka, na msitu wote ulihesabiwa kuwa wake kwa niaba ya watu. Watemi wengi walitaja asili ya wazee wao katika nchi za mashariki, nao walijivunia ukoo huo. Ndovu alipouawa, desturi iliyofuatwa katika nchi nyingi za upande ule ilikuwa kwamba pembe iliyogusa ardhi mnyama alipoanguka ni haki ya mtemi, na ile ya pili ni ya mwindaji. Kwa hiyo utajiri wa msitu haukukusanyika mahali pamoja. Kila mtemi alikuwa na kidogo chake, na kila mwindaji hodari aliweza kupata chake.

Maisha hayo yalikuwa na udhaifu mmoja. Mtemi mmoja akivamiwa, wa pili hakuona kwamba jambo hilo lamhusu. Watu wachache wa kijiji kimoja, wenye pinde na mikuki, hawakuweza kulizuia jeshi. Na siku zilikuwa zikija ambapo majeshi yangepita katika misitu ile.

2. Vita vya Unyanyembe

Nyungu alizaliwa katika ukoo wa watemi wa Unyanyembe, nchi ya Wanyamwezi iliyozunguka mahali palipo mji wa Tabora. Waarabu na Waswahili wa pwani walikuwa wamejenga huko, wakiweka ghala zao za pembe za ndovu na nguo. Kutoka Bagamoyo hadi hapo ni mwendo wa kilomita 800 hivi, na mizigo yote ilichukuliwa mabegani na vichwani mwa wapagazi. Pembe zilihitajiwa sana katika nchi za ng'ambo, na bei yake ilizidi kupanda. Aliyeweza kupata pembe aliweza kupata bunduki na baruti, na mwenye bunduki na baruti aliweza kupata pembe zaidi.

Mtemi Fundikira alipokufa, utemi wa Unyanyembe ulimwangukia Mnywa Sele. Huyu aliwataka wafanyabiashara wa pwani walipe ushuru juu ya mali waliyoileta nchini. Wao walikataa, kwa maana walikuwa wamezoea kukaa pasipo kulipa. Ugomvi ukawa vita. Karibu na mwaka 1860 Waarabu walimwondoa Mnywa Sele katika utemi, wakamweka Mkasiwa badala yake. Mnywa Sele hakukubali. Kwa miaka kadhaa alitangatanga na wafuasi wake, akiwashambulia adui zake na kuzifunga njia za misafara. Mwaka 1861 msafiri Mwingereza John Speke alipokuwa Tabora alijaribu kuwapatanisha, asifaulu. Hatimaye, mwaka 1865, Mnywa Sele alikamatwa akakatwa kichwa.

Kifo hicho kilimtenga Nyungu na nchi ya wazee wake. Yeye alikuwa mtu wa upande wa Mnywa Sele, na sasa upande huo ulikuwa umeshindwa. Kurudi nyumbani kulikuwa ni kujitia mikononi mwa watu waliomwua jamaa yake. Hakuwa na shamba, hakuwa na ng'ombe, wala hakuwa na utemi. Alichokuwa nacho ni damu ya kifalme, chuki kwa Waarabu wa Tabora, na watu wachache waliokuwa tayari kumfuata. Akageuza uso wake kuelekea misitu ya Ukimbu.

3. Watu wasio na kwao

Jina la Nyungu ya Mawe lina maana ya chungu cha mawe. Chungu cha udongo kikianguka huvunjika, lakini cha mawe hakivunjiki. Hilo ni jina la sifa, la kuwaonya adui. Wasimulizi husema kwamba alikuwa na jicho moja tu, na kwamba alikuwa mkali hata kwa watu wake mwenyewe.

Jeshi lake lilikuwa la ruga-ruga. Neno hilo lilijulikana sana siku zile katika nchi zote za Wanyamwezi na jirani zao. Ruga-ruga walikuwa vijana waliofanya vita kuwa kazi yao. Wengine walikuwa mateka waliochukuliwa wangali wadogo. Wengine walikuwa watumwa waliotoroka, na wengine wapagazi waliotupa mizigo yao na kuikimbia misafara. Miaka ile ilizaa watu wengi wa namna hiyo. Wangoni walikuwa wamefika kutoka kusini na kupita wakipigana, na watu wa nchi hizi walijifunza kwao namna mpya za vita. Biashara ya watumwa ilikuwa imewang'oa watu katika vijiji vyao. Kijana aliyepoteza baba, mama na kijiji hakuwa na mahali pa kwenda, na mkuu wa vita alimpa chakula, bunduki na wenzake.

Ruga-ruga walijipamba kwa nguo nyekundu na manyoya ya ndege, tena walivaa vitu vya kuogofya, kama nywele na meno ya watu waliowaua. Walivuta bangi. Walitaka waogopwe kabla hawajafika, ili vijiji vikimbie pasipo kupigana. Nyungu aliwajua watu wake vizuri, naye hakuwabembeleza. Husimuliwa kwamba aliwaita magogo, na vita vilipokuwa vikali aliamuru magogo zaidi yatupwe motoni. Hivyo wale vijana waliokuwa wamekosa baba walipata bwana, lakini bwana huyo aliwahesabu kama kuni.

4. Kutekwa kwa Ukimbu

Kwa miaka kama 10 baada ya mwaka 1865 Nyungu aliishi kwa uvamizi. Alikuja, akapiga, akateka, akaondoka. Wakati huo nchi yote ya kati ilikuwa katika misukosuko. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo, shujaa mwingine wa Wanyamwezi, alianza vita na Waarabu wa Tabora, na njia za magharibi zikafungwa. Katika fujo hiyo mtu mwenye jeshi aliweza kuchagua, ama kubaki mnyang'anyi, ama kuwa mtawala.

Nyungu alichagua utawala. Karibu na mwaka 1875 aliitwaa Kiwele katikati ya misitu ya Ukimbu, akaifanya makao yake makuu. Toka hapo aliziendea tawala za Wakimbu moja baada ya nyingine. Udhaifu wa zamani ukaonekana. Watemi wale hawakuungana. Kila mmoja alisimama peke yake na watu wake wachache, na kila mmoja alishindwa peke yake. Wengine walikimbia wakajificha msituni. Wengine walipoona moshi wa vijiji vya jirani walijitoa kwa hiari ili watu wao wapone. Kabla miaka 10 haijaisha, amri ya Nyungu ilisikiwa toka Kiwele hata Mgunda Mkali na mipaka ya Ugogo.

Vita hivyo viliwatesa watu wengi. Vijiji vilichomwa na ghala za nafaka zikaporwa. Wanawake na watoto walichukuliwa mateka. Familia zilitawanyika, nyingine zisionane tena. Mwenye kuzisoma habari za mashujaa wa vita na asahau habari za vijiji vilivyochomwa amesoma nusu tu.

5. Watwale

Katika jambo la kutawala Nyungu alionyesha akili kuliko washindi wengi wa zamani zake. Mirambo alikuwa na jina kubwa zaidi, na Wazungu wengi walimjua na kumsifu. Lakini Mirambo alipoishinda nchi, mara nyingi aliweka juu yake mtu wa ukoo ule ule wa watemi, akatosheka na ahadi ya utii. Mtu huyo alikuwa na watu wake na haki yake ya kuzaliwa, naye aliweza kungoja siku ya kuasi.

Nyungu alifanya namna nyingine. Alizikusanya zile tawala ndogo katika mafungu makubwa, na juu ya kila fungu aliweka mtwale, yaani liwali wake mwenyewe. Mtwale hakuwa mtu wa ukoo wa nchi ile. Cheo chake kilitoka kwa Nyungu, na Nyungu aliweza kukiondoa. Mtwale alikaa na ruga-ruga wake katika boma, akasikiliza habari za nchi, akakusanya pembe za ndovu, akazipeleka Kiwele. Njia ya pembe ilikuwa ndiyo njia ya utii. Pembe zikifika, Nyungu alijua kwamba nchi imetulia. Zikichelewa, alijua kwamba kuna neno.

Je, watemi wa kale walifanywa nini? Hapa ndipo penye jambo la kufikiri sana. Nyungu hakuwafuta wote. Aliwaacha waendelee na sadaka zao, waombe mvua, waitunze mizimu ya nchi. Yeye alikuwa mgeni, na mizimu ya Ukimbu haikuwa ya wazee wake. Watwale wake waliweza kumlazimisha mwindaji kutoa pembe, lakini hawakuweza kumfanya mkulima aamini kwamba wao ndio waletao mvua. Kwa hiyo kazi moja iligawanyika mara mbili. Nguvu na mali vilikwenda kwa mtwale, na heshima ya dini ya wazee ilibaki kwa mtemi.

Mabadiliko hayo yalifika hata katika mambo ya kila siku. Mwindaji aliyekuwa akigawana na mtemi wake sasa alijua kwamba pembe zinangojewa na boma. Hatari za miaka ile ziliwafanya watu wa nchi nyingi za kati wasitawanyike tena kama zamani, bali wakae pamoja katika vijiji vikubwa vilivyozungukwa na maboma ya miti. Vijana waliokua wakijifunza kurina asali na kufuata nyayo za wanyama waliona kwamba bunduki humpa mtu cheo upesi kuliko mzinga. Wengine walijiunga na ruga-ruga, wengine wakalazimishwa.

Lakini badiliko lilikwenda pia upande wa pili. Ruga-ruga walikuwa wametoka katika makabila mengi. Baada ya kukaa Ukimbu miaka mingi walioa huko, wakazaa watoto, na watoto hao walikua wakisema Kikimbu. Mshindi aliibadili nchi, na nchi nayo ikawabadili watu wa mshindi. Tena Wakimbu wa tawala mbalimbali, ambao zamani kila mmoja alijihesabu kuwa mtu wa mtemi wake tu, walijikuta chini ya bwana mmoja na shida moja. Walianza kujuana kwa namna ambayo hawakuijua kabla.

6. Njia ya Mgunda Mkali

Nguvu ya Nyungu ilitokana pia na njia ya misafara. Misafara mingi ya pwani iliyokwenda Tabora ilipita Mgunda Mkali. Watu wenye mizigo mizito, wakiwa na chakula kidogo na maji ya kupimwa, hawakuweza kukimbia wala kuzunguka mbali. Aliyeyashika maji na njia aliwashika wasafiri wote. Watu wa Nyungu walidai hongo, yaani malipo ya kupita, nayo yalilipwa kwa nguo, shanga, waya na baruti. Asiyelipa alijitia hatarini.

Mwaka 1878 Mwingereza mmoja, William Penrose, mtumishi wa Church Missionary Society, alikuwa akipita Mgunda Mkali na msafara wake. Ruga-ruga walimvamia wakamwua pamoja na watu wake wengi, wakachukua mizigo. Ilisemwa kwamba wavamizi hao walikuwa watu wa Nyungu. Habari ya kifo hicho ilifika Ulaya, na watu wa mbali waliosoma barua za misheni wakalijua jina la Mgunda Mkali kuwa jina la hofu. Lakini kwa kila mgeni mmoja ambaye jina lake liliandikwa vitabuni, walikufa humo wapagazi wengi Waafrika ambao majina yao hayakuandikwa. Hao nao walikuwa na wake na watoto waliowangoja nyumbani.

7. Mfano wa nchi ya mbali

Mambo kama hayo yalipata kutukia katika nchi nyingine. Miaka 800 hivi kabla ya Nyungu, mwaka 1066, William mtawala wa Normandy alivuka bahari toka Ufaransa na jeshi lake, akampiga mfalme wa Waingereza karibu na Hastings, akajifanya mfalme. Yeye naye alikuwa mgeni. Aliwanyang'anya wakuu wa Kiingereza ardhi zao akawapa wakuu wake. Alijenga ngome ili kuwatisha wenyeji. Mwaka 1086 alipoamuru mali na ardhi ya nchi iandikwe kitabuni, sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa tayari mikononi mwa Wanormandi. Kwa muda mrefu wakuu wa nchi walisema Kifaransa, na wakulima walisema Kiingereza.

Lakini miaka ilipopita, wajukuu wa washindi walijifunza lugha ya walioshindwa, wakawa Waingereza. Lugha yenyewe ilipokea maneno mengi ya Kifaransa, isife. Hivyo hata katika nchi ile ya mbali, walioshindwa walipoteza ardhi na vyeo kwa siku chache, lakini lugha yao haikupotea.

Kati ya washindi hao wawili kuna tofauti moja kubwa. William aliwapa watu wake ardhi, na ardhi haiishi. Utawala wa Nyungu ulisimama juu ya pembe za ndovu, na ndovu waliendelea kupungua kila mwaka kwa wingi wa bunduki. Tena wazao wa William walipata muda mrefu wa kuutia mizizi utawala wao. Wazao wa Nyungu hawakuupata muda huo.

8. Kifo cha Nyungu na mwisho wa dola yake

Mwezi wa Desemba mwaka 1884 Mirambo alikufa, na mwezi ule ule Nyungu ya Mawe alikufa naye. Ilikuwa ajabu kwamba wakuu wawili wa vita katika nchi za kati waondoke pamoja. Wakati huo huo wajumbe wa mataifa ya Ulaya walikuwa wamekutana Berlin kuzungumza habari za Afrika, na Waafrika hawakualikwa.

Dola ya Mirambo ilianza kuvunjika mara tu alipokufa, kwa maana ilikuwa imeshikwa na mkono wake mwenyewe. Dola ya Nyungu haikuvunjika. Watwale waliendelea kukaa mahali pao, na pembe ziliendelea kupelekwa Kiwele. Aliyerithi kiti chake alikuwa mwanamke, Mgalula binti yake. Watu waliokuwa wamezoea kufikiri kwamba jeshi la ruga-ruga hutii mwanamume mkali tu waliona majeshi hayo yakimtii mwanamke. Yeye hakuwa na jina la kutisha kama la baba yake. Utawala ulisimama kwa sababu ulikuwa na utaratibu, na utaratibu huo haukufa pamoja na mtu aliyeuanzisha.

Ndipo walipokuja Wajerumani, ambao wazee waliwaita Wadachi. Mwezi wa Januari mwaka 1893 waliiteka ngome ya Isike, mtemi wa Unyanyembe, karibu na Tabora, na Isike akajilipua kwa baruti kuliko kutiwa mikononi mwao. Walijenga pia boma Kilimatinde, karibu na Manyoni, juu ya njia ile ile ya misafara. Hawakupenda kuwe na mtawala mmoja mwenye nguvu katika misitu ya Ukimbu. Mwaka 1895 waliivunja dola ya Nyungu pasipo vita vikubwa. Waliwatambua watwale kuwa wakuu wanaojitegemea, kila mmoja katika fungu lake. Siku hiyo ile kamba iliyowafunga watwale na Kiwele ilikatwa. Watwale walikuwa watu wa cheo, na aliyewapa cheo hakuwapo tena. Walipoahidiwa na mkubwa mpya kwamba watabaki wakuu, walikubali. Dola iliyojengwa kwa miaka mingi ya damu ikagawanyika kwa neno la mgeni.

Hivyo washindi wa Wakimbu wakashindwa nao, na kwa silaha ile ile waliyoitumia. Nyungu alikuwa ameziteka tawala za Wakimbu kwa sababu hazikuungana. Wadachi waliishinda dola ya Nyungu kwa kuwatenganisha watwale wake.

9. Yaliyobaki

Mwaka 1912 reli ya kati ilifika Tabora. Ilipita Manyoni na Itigi, ikaikata Mgunda Mkali, na njia iliyowagharimu wapagazi maisha yao ikawa mwendo wa masaa. Misafara ya mabegani ikakoma, na hongo nayo ikakoma. Mwaka 1963, baada ya Tanganyika kupata uhuru, utawala wa watemi ulikomeshwa kwa sheria nchini pote. Maboma ya ruga-ruga yameoza, na msitu umeota juu yake.

Lakini Wakimbu wapo. Mizinga ingali inatundikwa katika miti, na asali ya nchi ya Itigi na Manyoni huuzwa mbali. Katika familia za huko wamo wazao wa watemi wa kale, wamo wazao wa ruga-ruga waliokuja na Nyungu wakiwa hawana kwao, na wamo wazao wa wanawake waliotekwa. Wameoana mara nyingi hata ni vigumu kuwatenga, na wote huitwa Wakimbu.

Nyungu ya Mawe alikuwa mtu hodari na mwenye akili. Aliunganisha nchi ambayo haikuwahi kuungana, na akaweka utaratibu uliodumu kuliko yeye mwenyewe. Pia alikuwa mtu katili, na wengi walilia kwa ajili yake. Mambo hayo mawili ni ya kweli, na moja halilifuti lingine. Umoja aliowapa Wakimbu ulikuwa wa hofu, nao uliwafaa mradi mwenye kuogopwa yupo. Umoja wa kuoana, wa kusema lugha moja na kufanya kazi katika msitu mmoja haukuletwa kwa amri ya mtu. Ulikuja polepole, na watu walioujenga hawakupewa majina ya sifa. Chungu cha mawe kilivunjika mwaka 1895, lakini huo haujavunjika.